Jeti mpya au iliyotumika: hesabu ya mnunuzi wa Nairobi

Fokker, kampuni ya Uholanzi iliyounda ndege ya rais wa Kenya, ilifilisika Machi 1996. Serikali ya Rais Moi ilikuwa imeinunua ndege hiyo, Fokker 70, muda mfupi tu kabla ya hapo, ikiwa mpya kutoka kiwandani. Jeshi la Wanahewa limeirusha kwa miaka mingi tangu wakati huo, lakini Mei 2024 Rais William Ruto alifanya ziara ya Marekani kwa ndege ya kukodi, na mjadala wa gharama ukachacha hadi akajitokeza kusema ilikuwa chini ya shilingi milioni 10.

Naikumbusha historia hiyo kwa sababu wenye mali wa Nairobi wanaofikiria kununua jeti huuona upya wa ndege kama kinga ya kila kitu. Ndege ya taifa ilinunuliwa mpya, na haikukaa sana aliyeiunda akafunga kiwanda. Tangu siku hiyo, vipuri na ushauri wa kiufundi vimetegemea waliorithi shughuli zake. Kabla ya kuuliza ndege ina miaka mingapi, muulize aliyeiunda kama bado yupo, na kama yupo, ana fundi wapi karibu na Kenya.

Hata hivyo, hoja za kununua mpya zina uzito. Unapata waranti ya miaka kadhaa, mafunzo ya marubani mara nyingi yakiwa ndani ya mkataba, na ndege ambayo hakuna mtu aliyewahi kuigonga, kuiloweka wala kuificha historia yake. Injini za kisasa hunywa mafuta kidogo. Mitambo ya mawasiliano hukidhi sheria za nchi unazokwenda bila kuongezewa kitu. Tangu Januari 1, 2020, kwa mfano, Marekani hairuhusu ndege kuingia sehemu kubwa ya anga yake inayodhibitiwa bila kifaa cha ADS-B, kinachotangaza mahali ndege ilipo, na kukifunga kwenye ndege ya zamani ni gharama na wiki za kukaa karakana. Kwa kampuni ambayo mkurugenzi wake lazima awe Kigali asubuhi na Addis Ababa jioni, uhakika kwamba ndege itaondoka saa iliyopangwa una thamani inayoweza kuhesabiwa.

Tatizo la mpya huanza na muda. Kwa aina zinazopendwa, kusubiri mwaka mmoja na nusu hadi miaka miwili au zaidi ni jambo la kawaida, na malipo hutolewa kwa awamu, kwa dola. Hapo ndipo mwenye mapato ya shilingi anapoumia. Mwanzoni mwa 2022 dola moja ilinunuliwa kwa shilingi kama 113. Januari 2024 ilifika karibu 160. Jeti ya dola milioni 10 iliyokuwa ya shilingi bilioni 1.13 ikawa ya bilioni 1.6, bila kiwanda kupandisha bei hata senti. Miezi michache baadaye shilingi ikaimarika hadi karibu 129. Nani anaweza kupanga bajeti ya miaka miwili juu ya mawimbi ya namna hiyo? Anayenunua ndege iliyokwishatumika hukamilisha malipo ndani ya miezi michache, kwa kiwango cha ubadilishaji anachokiona leo.

Halafu kuna amana. Eclipse Aviation ya Marekani ilipofilisika mwishoni mwa 2008, wateja waliokuwa wametanguliza fedha kwa jeti zake ndogo walizipoteza. Mara nyingi mnunuzi wa ndege ambayo haijaundwa ni mkopeshaji wa kiwanda bila yeye kujua, na ikitokea kufilisika atapanga foleni nyuma ya mabenki.

Upande wa pili una mvuto wake na hatari zake. Fedha zinazonunua Phenom 300E mpya, jeti ndogo ya Embraer ya zaidi ya dola milioni 10, zinaweza kununua Challenger 604, jeti kubwa zaidi ya Bombardier, ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 na bado zikabaki. Phenom hufika kilomita kama 3,700. Johannesburg iko kilomita 2,900 hivi kutoka Nairobi, na Dubai karibu 3,500, kwa hiyo upepo wa mbele au abiria wengi unaweza kukulazimisha kutua njiani kuongeza mafuta. Challenger huenda zaidi ya kilomita 7,000, na mtu mzima husimama wima ndani yake. Ni rahisi kuona kwa nini wengi wanaichagua.

Lakini bei ya kununua ni mlango tu. Challenger hunywa mafuta karibu mara mbili ya Phenom kwa saa. Kila miezi 96 hufanyiwa ukaguzi mkubwa unaofungua ndege na kudai bili ambayo mwenye ndege ndogo hajawahi kuiona. Anayeuza miezi mitatu kabla ya ukaguzi huo anakuuzia na deni lake. Tena kuna urefu wa njia ya kurukia. Uwanja wa Wilson, Nairobi, uko mita 1,690 hivi juu ya usawa wa bahari, na njia zake mbili za kurukia zina urefu wa karibu mita 1,500 tu. Hewa ya huku ni nyepesi, injini hupoteza nguvu na mabawa hudai mwendo zaidi, hasa saa za mchana. Challenger iliyojaa mafuta na abiria huhitaji zaidi ya mita 1,700 hata kule Mombasa usawa wa bahari. Kwa safari ndefu basi utaondokea JKIA, ambako njia kuu inapita mita 4,000, na hanga, wafanyakazi na msongamano wa Barabara ya Mombasa viwe sehemu ya hesabu yako.

Wakenya tumezoea magari yaliyotumika kutoka Japan, na sheria ya kutopitisha miaka minane imetufundisha kuhukumu kwa mwaka wa kuundwa. Kwa ndege, mazoea hayo hupotosha. Ndege ya miaka 15 iliyoruka mara kwa mara na kutunzwa na karakana moja inayoaminika inaweza kuwa salama na nafuu kuliko ya miaka sita iliyokaa uwanjani ikipata kutu. Kinachotofautisha ni kumbukumbu. Kila ukaguzi, kila kipuri chenye ukomo wa maisha, kila tukio la kugongwa na gari la mizigo lazima liwe kwenye vitabu vya ndege, likiwa na tarehe na sahihi. Ukurasa mmoja ukipotea, fundi hawezi kuthibitisha kipuri kimefanya kazi saa ngapi. Atalazimika kukibadilisha, au ndege ipoteze thamani.

Injini nazo zina hesabu yake. Injini nyingi za jeti ndogo hufanyiwa ukarabati mkuu baada ya saa elfu kadhaa, mara nyingi 5,000, na kazi hiyo hugharimu mamia ya maelfu ya dola kwa kila injini. Ndiyo maana kuna mipango ya kulipia kwa kila saa ya kuruka, kama ESP ya Pratt & Whitney Canada au ule wa kampuni ya JSSI. Ndege iliyosajiliwa humo huja na akiba iliyokwishalipwa. Isiyosajiliwa inaonekana nafuu hadi uketi na kikokotoo.

Jambo moja la soko husahaulika hapa kwetu. Ndege nyingi zilizotumika ziko Marekani, na sheria ya kodi iliyopitishwa huko Julai 2025 ilirejesha nafuu inayomruhusu mfanyabiashara kuondoa gharama yote ya ndege kwenye mapato yake ya mwaka wa kwanza, iwe mpya au imetumika. Kwa hiyo Novemba na Desemba wanunuzi wa huko hukimbizana na mwisho wa mwaka. Mkenya aende Machi.

Msimamo wangu ni huu. Anayeruka chini ya saa 200 hivi kwa mwaka akodi. Wilson ina makampuni ya kutosha na hasara ya ndege inayolala haimhusu. Anayezidi hapo, naelemea iliyotumika ya miaka mitano hadi kumi, ya kampuni ambayo bado inaiunda au kuihudumia, yenye injini kwenye mpango wa malipo, na ya ukubwa wa safari zake za kila wiki. London ya mara moja kwa mwaka inaweza kupandiwa ndege ya abiria. Mpya naikubali pale kazi yenyewe inapodai: kwa mfano Pilatus PC-24, iliyopata cheti Desemba 2017 na inayoruhusiwa kutua kwenye murram. Kwa anayebeba wagonjwa au wageni kwenda viwanja vya Maasai Mara, jeti za aina hiyo ni chache mno, na kusubiri kiwandani kuna maana.

Ukichagua iliyotumika, amana yako ikae kwa wakala wa tatu na irudi yote iwapo ukaguzi hautakuridhisha. Ukaguzi ufanywe na karakana ambayo haijawahi kuihudumia ndege hiyo, kwa gharama yako, na injini zichunguzwe kwa kamera ndani. Tafuta namba za kiwandani za ndege na injini zake katika Sajili ya Kimataifa iliyoko Dublin, iliyoundwa na Mkataba wa Cape Town wa 2001 ambao Kenya ni mwanachama wake, uone kama kuna benki inayoidai. Kabla ya kutia sahihi, uliza KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, kama aina hiyo imewahi kupewa usajili wa Kenya, wa 5Y. Kama haijawahi, cheti chake cha aina lazima kikubaliwe kwanza, na miezi hiyo ya kusubiri utalipia maegesho, bima na marubani wa ndege isiyoruka.