Tunabishania umri, mtoto yuko kituoni

Mjadala wa watoto waliokinzana na sheria nchini Uganda haukawii kugeuka ubishi wa umri. Sheria ya Watoto inasema aliye chini ya miaka 12 hashtakiwi. Kamati ya Haki za Mtoto ya Umoja wa Mataifa imehimiza tangu 2019 kwamba umri huo usipungue 14. Wanaopinga husema majambazi watawatuma wadogo wasioshtakika. Si hoja ya kupuuza, ila inamhusu zaidi yule anayetuma.

Mimi naona kasoro iko kwingine. Sheria hiyohiyo inakataza kumweka mtoto rumande zaidi ya miezi 3, au 6 kama kosa lina adhabu ya kifo. Katiba ya 1995 nayo inataka atengwe na wafungwa wazima. Nani atabishana na hayo? Lakini wilaya zimepita 130, na mahabusu za watoto, kama Naguru, Mbale na Gulu, ni za kuhesabu. Kituo cha taifa cha marekebisho ni kimoja, Kampiringisa. Polisi wa mbali asiye na mafuta ya gari atamlaza wapi mtoto aliyeiba simu?

Jibu moja limo ndani ya sheria: wizi, ugomvi na uharibifu wa mali vinaweza kuishia kwa LC1, yaani baraza la kijiji, kwa fidia, onyo au kuomba radhi. Wakosoaji wanadai mwenyekiti ana jamaa na marafiki kijijini, na pengine mkono wake hauko mbali na bahasha. Kweli, tena vijiji vilikaa bila uchaguzi wa LC1 tangu 2001 hadi 2018. Hata hivyo, kwa kuku aliyeibwa, namwamini mwenyekiti kuliko selo.

Kwa unajisi, yaani ngono na aliye chini ya miaka 18, simwamini. Hapo wazee hukaa, mbuzi wakatolewa, msichana asiulizwe neno. Upande wa pili, wapo wavulana wanaosukumiwa kesi hiyo kwa sababu tu wazazi wa mpenzi wao wamekasirika, ilhali tangu 2007 sheria inataka watoto wawili wa namna hiyo washughulikiwe chini ya Sheria ya Watoto. Kesi hizi zinahitaji ofisa wa ustawi wa jamii azungumze na kila mtoto peke yake kabla faili halijafika mahakamani.

Kwa hiyo bajeti ikiwa finyu, ningeanza na ofisa huyo, pikipiki yake na mafuta yake. Umri wa 14 nauunga mkono, lakini haumsaidii mwenye miaka 15.