Tumekuja kuangalia mpira au kugawa jangwa?

Hivi wana Tanga wenzangu, kibanda umiza kimegeuka Umoja wa Mataifa lini? Icheze timu ya Morocco tu, basi, mmoja ataanza oh Sahara Magharibi ni yao, mwingine oh ile ni nchi na imo hadi AU, Umoja wa Afrika, na wote hao Horohoro penyewe, mpakani hapo na Kenya, hawajafika! Chanzo jezi ya Berkane, klabu ya Morocco, ile yenye ramani ya Morocco na Sahara ndani, 2024 Waalgeria wakazizuia airport, mechi na USM Alger haikuchezwa, CAF, wakubwa wa soka Afrika, wakawapa Berkane 3-0. Haya, hao hao Berkane wakaifunga Simba fainali ya Kombe la Shirikisho 2025, we unadhani tulijadili beki? Thubutu! Mtu mzima kasimama mbele ya tivii anachora mipaka kwa kijiti cha mshikaki, goli linaingia hatuoni, mzee wa nyuma anauliza nani kafunga, anajibiwa "Hispania, mkoloni wa Sahara, iliondoka 1976." Babu wee, Hispania na kona wapi na wapi? Halafu Coastal Union yetu ikicheza uwanja wa Mkwakwani hapo, mabalozi hao huwaoni hata kivuli, na kiingilio cha kibanda wanakopa!