Ghorofa la vioo, mji wa vumbi
Aliyechora ghorofa letu hajawahi kulala Dodoma. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ni wa 1973, muda wa kuuzoea upepo huu umetosha jamani! Yeye kaweka madirisha makubwa ya vioo, yote yanatazama magharibi. Saa kumi jioni sebule ni tanuri. Ukifungua, vumbi jekundu linatua kwenye ugali kabla hujanawa. Pa kuanikia nguo hakuna. Juzi shuka langu nimelifuata kwa jirani wa chini, limefunika jiko lake la mkaa, bahati halijawashwa. Pampu nayo haifikishi maji ghorofa ya nne, napandisha ndoo. Lifti? Tundu lake lipo, watoto wanatemea mbegu za ubuyu.