Grisi ya Liemba iwekwe sura ya ngapi?

Mwalimu mmoja wa fasihi hapa Kigoma, rafiki yangu, hapendi riwaya zinazorukaruka. Darasani, anasema, mambo huishia kwenye majina: msago (matukio kwa mfuatano wa wakati), rejea (kisa kurudi nyuma), rukia (kisa kimoja kuingilia kingine). Mwanafunzi akitaja jina anapata alama yake, basi. Mpangilio huo umebadili nini? Hakuna anayeuliza.

Nilimbishia kwa mfano wa bandarini kwetu. Tuseme mtu anaandika riwaya ya Liemba, ile meli kongwe ya Ziwa Tanganyika. Akienda msago, meli inaundwa Ujerumani 1913, inafunguliwa vipande, inaletwa kwa reli na kushushwa ziwani 1915. Mwaka 1916 Wajerumani wanaizamisha wenyewe isitekwe, lakini kwanza mafundi wanaipaka injini grisi nzito. Waingereza wanaiopoa 1924, na 1927 inapewa jina la Liemba. Hapo kwenye kuopolewa hushtuki, maana grisi ulishaiona ikipakwa.

Sasa ageuze. Sura ya kwanza chuma kinatoka majini na injini bado nzima. Miaka minane tangu izamishwe, imewezekanaje? Grisi ije ukurasa wa mwisho kabisa. Pale si kazi ya fundi tena. Ni nia ya watu wanaozamisha kitu huku wamepanga kukirudia. Matukio ni yale yale, hata tarehe haikuguswa, ila riwaya ya kwanza ni ya meli na ya pili ni ya mkoloni asiyekubali kwamba anaondoka.

Si kila mrukoruko una faida hiyo. Wengine huvuruga sura ili kuficha kisa chembamba, na huwa nawatambua mapema: nikizipanga upya kichwani, sipotezi kitu. Riwaya ya Kezilahabi, *Nagona* (1990), haipangiki hivyo. Ukijaribu kuinyoosha, inakufia mkononi.

Rafiki yangu alinisikiliza, kisha akauliza: "Na vibarua wa reli umewaweka wapi?" Reli ilifika Kigoma 1914. Kwenye msago, msomaji anatembea nao taruma kwa taruma kutoka pwani, anachoka nao, na meli ikigusa maji anajua imegharimu jasho la nani. Mimi, kwa haraka ya kuitunza siri ya grisi, nimewafanya kumbukumbu ya aya mbili katikati ya kitabu.

Nimejaribu kuwahamishia mwanzo. Siri inavuja. Nimewapeleka mwisho, baada ya grisi, na hapo hakuna anayewasubiri.