Tumbili haugui, na sisi tunamfukuza kwa mawe

Saa tatu usiku simu ya shangazi yangu inalia. Anaacha chochote alichoshika, analitoa kopo la dawa kwenye mkoba, kopo alilolijaza pamba lisilie akiwa kwenye daladala, na kumeza kidonge kimoja cha ARV, dawa za kufubaza VVU. Ndani yake mna dawa tatu, mojawapo tenofovir.

Juzi nilimsimulia kwamba mwaka 1995 watafiti wa Marekani waliijaribu tenofovir kwa makaki, kima wa Asia. Waliochomwa dawa kuanzia siku mbili kabla ya kuingiziwa virusi hawakuambukizwa, na hata walioanza saa 24 baadaye walisalimika. Wenzao wasiopewa dawa waliambukizwa wote. PEP, kinga ya baada ya hatari anayopewa nesi aliyejichoma sindano kazini, na PrEP pia, kinga inayotumiwa kabla ya hatari, zina mizizi hapo. Shangazi akaniuliza, "Na hao waliokosa dawa, mwanangu?"

Swali hilo limenikaa. Siwezi kuungana na wanaotaka utafiti kwa kima ufutwe wote, maana ninamwona shangazi akiwa mzima. Ila naamini tumemtegemea mno mnyama mmoja.

Makaki hana asili na virusi hivi. SIV, ndugu wa VVU, vimetoka kwa kima wa Afrika. Vikimwingia makaki, seli za kinga za CD4 zinashuka, anakonda, anakufa kwa magonjwa nyemelezi. Ndiyo maana maabara zinamtaka. Hata hivyo ametupotosha: chanjo ya VVU iliyotia matumaini kwa makaki ilifika kwa watu katika jaribio la STEP, likasimamishwa mwaka 2007. Chanjo haikukinga, na baadhi ya wanaume waliochanjwa waliambukizwa zaidi kuliko wasiochanjwa.

Sasa mtazame tumbili, huyu huyu mwizi wa mahindi yetu. Wengi wao wana SIV. Virusi vimejaa kwenye damu, na mnyama anaruka matawi, anazaa, anazeeka. Wiki za mwanzo kinga yake inawaka kama ya kwetu, kisha inapoa. Ya kwetu, bila dawa, haipoi: ukuta wa utumbo unaharibika, vijidudu vya tumboni vinavuja kuingia kwenye damu, moto unaongezewa kuni mwaka hadi mwaka. Utumbo wa tumbili unabaki imara. Tena baadhi ya seli zake, zikishakomaa, zinaivua ile protini ya CD4 iliyo juu yake, ambayo kirusi huitumia kama mlango, na bado zinaendelea na kazi.

Hapo ndipo ningeelekeza fedha. ARV zinakizuia kirusi, lakini hata kwa anayezimeza vizuri kinga huendelea kufukuta chini kwa chini, na mfukuto huo unahusishwa na maradhi ya moyo. Tumbili anajua kuuzima.

Na si lazima kila jambo lifanyiwe ndani ya kizimba. Zamani ilidhaniwa sokwe mtu naye haugui SIV. Utafiti wa Gombe, Kigoma, uliochapishwa mwaka 2009, ulionyesha kuwa walioambukizwa walikuwa katika hatari ya kufa mara 10 hadi 16 zaidi ya wenzao. Ushahidi wa nani ameambukizwa ulipatikana kwa kuokota kinyesi na kukinga mkojo chini ya miti, miaka nenda miaka rudi, bila kumwambukiza sokwe hata mmoja. Kazi ya namna hiyo vijana wetu wa vyuo wanaiweza, na tumbili wako hapa hapa, juu ya miembe yetu.