Programu ya Wote, Lawama za Mmoja

Jamani, nani alinituma kujua kompyuta? Stesheneri yetu ina kompyuta moja, na kila mfanyakazi ana akaunti yake. Nyumba ya kupanga kabisa: choo kimoja, kufuli kila mlango.

Programu ya kuunganisha PDF ilipokuwa inawekwa, iliuliza kistaarabu: niwekwe kwa wote au kwa mtumiaji huyu tu? Mwenzangu wa zamu ya asubuhi akachagua yeye tu. Mtu mwenyewe hata chapati anaigeukia ukutani! Programu ikajichimbia ndani ya AppData yake, folda ya mtumiaji mmoja, huku kwangu hakuna kitu. Dada wa mchana akapakua yake. Wa jioni yake. Kitu kilekile kimejaza diski mara tatu, bando limekata, na bosi ananiuliza mimi nani anaangalia muvi kazini.

Haya, niiweke Program Files, folda ya programu za wote, kila mtu aione. Kompyuta inadai neno la siri la msimamizi. Msimamizi ni bosi, bosi yuko msibani Sengerema. Nampigia, ananong'ona: "Andika jina la mke wangu." Bosi ana wake wawili! Swali kama hilo anauliza nani, tena wakati watu wanalia?

Fonti, yaani mitindo ya herufi, ndiyo balaa zaidi. Windows 10, tangu toleo la mwishoni mwa 2018, ukiiweka fonti kwa kubofya kawaida inaingia kwako peke yako. Ya wote lazima ubofye kitufe cha kulia cha kipanya, uchague kuiweka kwa wote, halafu urudi kwenye lile jina la mke. Basi kadi ya harusi nimeipamba kwa herufi za kujikunjakunja. Kijana wa jioni akaifungua kwake, fonti haipo, akaichapa hivyohivyo. Bi harusi kaja kusoma jina lake, anasema mbona limekaa kama tangazo la kifo.

Bosi karudi, kaniwekea neno la siri kwa mkono wake, mambo yakakaa sawa. Alasiri akaingia kwenye akaunti yake, akaona vialama vya kufungulia programu vinamziba mjukuu usoni kwenye picha ya skrini, akavifuta. Vile vilikuwa vya wote! Vikatoweka kwa kila mtu. Programu zipo, hazijaguswa, lakini mweleze nani? Simu zote zinakuja kwangu, na ya kwanza ni ya bosi: "Wewe, programu zangu umezipeleka wapi?"