Kibuyu, Kiboko na Yai la Kukaanga

Mpira wangu ulitua kwenye mchanga ukazama nusu. Nikamgeukia kedi, mzee wa makamo ya baba yangu aliyekuwa amenibebea mfuko wa fimbo za gofu tangu asubuhi. "Mzee, hapo inakuwaje?" Akautazama, akasikitika kidogo. "Hilo yai la kukaanga, bosi. Lile polepole." Nilicheka hadi nikasahau kwamba nilishapiga mikwaju mitano na grini, kile kiwanja cha nyasi fupi chenye shimo, bado naiona kwa mbali.

Aliye nje anadhani gofu ni mchezo wa watu wazito wanaonong'onezana. Ingia ndani uone: nusu ya maneno yake ni ya kumcheka aliyeharibu. Ukifanya vizuri unapewa ndege tu. Ukimaliza shimo kwa mkwaju mmoja pungufu ya uliopangwa, ni "birdie", miwili, tai, mitatu, albatrosi, ndege ambaye mimi sijamwona hata mara moja, angani wala kwenye kadi yangu. Lakini haribu sasa! Mpira uliokataa kupaa ukasota kwenye nyasi unaitwa mchoma minyoo. Hapo ndipo wachezaji walipoweka akili zao zote, na naona walifanya la maana, maana wengi wetu tunaishi huko kwa minyoo.

Bogi ndiyo naipenda zaidi. Neno hili lilizaliwa Uingereza miaka ya 1890, enzi ambazo watu waliimba wimbo mmoja juu ya zimwi, "bogey" kwa Kiingereza, na wacheza gofu wakaanza kusema wanashindana na zimwi hilo. Mwanzoni lilikuwa alama ya kuheshimika, ya mchezaji mzuri. Baadaye likashushwa cheo, likawa mkwaju mmoja zaidi ya uliopangwa. Mimi bogi nazipata kila Jumamosi na wala sinung'uniki. Zimwi likujualo halikuli likakwisha.

Kinachonikera ni sisi kumeza hata utani usiotuhusu. Wenzangu wakipiga mikwaju minane kwenye shimo moja wanasema wamepata "snowman", eti kwa kuwa tarakimu 8 inafanana na mtu wa theluji. Theluji gani, jamani? Mmoja wao kazaliwa Lamu! Hebu itazame hiyo 8 vizuri: shingo nyembamba katikati, tumbo chini. Hicho ni kibuyu.

Na "birdie" yenyewe ilianza hivyohivyo. Wamarekani wa mwanzoni mwa karne ya 20 kitu kikiwa safi sana walikiita "bird", maneno ya mitaani tu, yakahamia uwanjani. Sisi kitu kama hicho tunakiitaje? Kiboko! Basi gofu ingeanzia huku, mtu angetoka shimo la tatu akitamba amepiga kiboko, na wa mikwaju miwili pungufu angekuwa na kifaru. Tena kiboko ana haki yake uwanjani. Klabu ya Jinja, Uganda, ilipata sifa kwa kanuni yake ya hapo hapo: mpira ukiingia kwenye unyayo wa kiboko, unauokota na kuudondosha pembeni bila adhabu.

"Mulligan" wabaki nayo. Kurudia mkwaju wa kwanza kana kwamba haukupigwa ni jambo ambalo kanuni hazilitambui, na sisi kwenye gololi tulilimaliza utotoni kwa kupiga kelele, "Nilikuwa najaribu!"

Siku ile ya yai nilimaliza shimo kwa mikwaju minane. Nikaandika 8 kwenye kadi, nikamwonyesha mzee. "Tazama, nimepata kibuyu."

Akaisogeza kadi mbali na macho, kama wafanyavyo wazee wasio na miwani. "Kina kitu ndani, bosi, au ni kitupu?"